Ukitaka Kumletea Mgeni Maji kwa Kihispania, Anzia kwenye Kiswahili Chako

Boti za kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo hupakia wageni Kasenda, jirani na Muganza, wilayani Chato. Rubondo imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1977, na sokwe wake wana historia ya pekee: waliletwa kati ya 1966 na 1969 kutoka bustani za wanyama za Ulaya, wakaachiwa huru msituni. Tangu 2019 eneo hili lina pia Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Kijana wa hapa anayeongoza wageni, anayeendesha boti au anayehudumu hotelini anajua kwamba Kiingereza wenzake wanacho. Lugha ya tatu ndiyo inayomtofautisha nao. Makala haya ni ya yule aliyeamua kwamba lugha hiyo ya tatu itakuwa Kihispania.

Nawafikiria pia wa migodini. AngloGold Ashanti, wenye mgodi wa Geita, wana mgodi mwingine Argentina, Cerro Vanguardia. Barrick wanaochimba Bulyanhulu huchimba pia Pueblo Viejo, katika Jamhuri ya Dominika. Fundi wa Geita au wa Kahama anayewaza kazi za nje ana sababu ya kuijua lugha iliyo rasmi katika nchi 20, mojawapo ikiwa Guinea ya Ikweta, hapa hapa Afrika.

Mwanzo wa Kihispania ni mwepesi kwetu. Irabu zake ni tano zile zile, a, e, i, o, u, na husomwa kama zilivyoandikwa. Salamu zinaingia, namba zinaingia, majina ya vyakula yanaingia. Kisha mwanafunzi anakutana na vineno sita, me, te, le, nos, os, les, na hapo wengi hukwama, wengine hufunga daftari kabisa. Vineno hivyo humwakilisha mtu anayepewa, anayeletewa, anayeambiwa, yaani kile ambacho mwalimu wa Kiswahili sekondari alikiita shamirisho kitondo.

Kosa si la mwanafunzi. Vitabu na programu za simu tunazojifunzia zimetungwa kwa ajili ya msemaji wa Kiingereza. Lugha yake humweka mpokeaji baada ya kitenzi, kwa hiyo kwake yeye kumtanguliza mtu huyo ni jambo geni linalohitaji kurasa nyingi za maelezo. Kwetu si geni hata kidogo. Kiswahili, Kisukuma, Kizinza, Kisubi, Kihaya: lugha zote utakazozisikia sokoni Chato humchomeka mtu huyo ndani ya kitenzi, mbele ya mzizi. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ninaousisitiza kuliko mingine yote, ni kwamba usipitie Kiingereza. Toka kwenye Kiswahili uingie Kihispania moja kwa moja, maana njia ya kupitia Kiingereza inakuondoa kwenye kitu unachokijua, inakupeleka kwenye kitu kigumu, halafu inakurudisha pale pale ulipoanzia.

Jaribu mwenyewe. “Unanipa maji” ni “Me das agua.” Ile ni ya Kiswahili ndiyo me, na imekaa kabla ya mzizi wa kupa kama vile me ilivyokaa kabla ya das. “Ninakupa maji” ni “Te doy agua”: ku ndiyo te. “Tunampa maji” ni “Le damos agua”: m ndiyo le. “Wanatupa maji” ni “Nos dan agua.” “Ninawapa maji” ni “Les doy agua.” Tofauti ni kwamba Kihispania kinakiandika kineno hicho peke yake, na alama ya mtendaji kinaiweka mwishoni mwa kitenzi badala ya mwanzoni. Mpangilio wa mpokeaji na kitendo ni ule ule.

Kuna zawadi nyingine ndani ya mpangilio huo. Le haijali kama mpokeaji ni mwanamume au mwanamke, kama vile m yetu isivyojali. Na les, kwa wasemaji wa Amerika ya Kusini na ya Kati, ni “wao” na pia ni “ninyi”, sawasawa na wa katika “nitawaletea”. Os hutumika hasa Hispania, kwa kundi la watu mnaozoeana. Kama mgeni ni wa Madrid utaisikia, kwa hiyo ielewe, lakini wewe mwenyewe tumia les kwa kundi lolote na hutamkosea mtu.

Panapohitaji uangalifu ni kwenye heshima. Kiswahili hubeba heshima kwenye shikamoo, kwenye mzee, mama, bwana, na ku hubaki ku hata kwa babu. Kihispania hubadilisha kineno chenyewe. Rika lako unaweza kumwambia te. Mtu mzima usiyemjua anahesabiwa usted, yaani “wewe” ya heshima, na mpokeaji wake ni le. Kwa mama wa miaka 60 aliyeshuka kwenye boti usiseme “¿Te traigo agua?” Sema “¿Le traigo agua?”, nikuletee maji. Kama wako wengi, “¿Les traigo agua?”, niwaletee maji. Kijana aliyelelewa kuamkia wakubwa ameshajua nani anastahili heshima hiyo. Inabaki kukumbuka tu kwamba kwa Kihispania inapita kwenye le.

Kihispania kina tabia nyingine inayowashangaza wasemaji wa Kiingereza: kumtaja mpokeaji mara mbili. “Le di los boletos a la señora.” Kuna le, halafu yule bibi anatajwa tena mwishoni. Vitabu hujitahidi kueleza kwa nini. Wewe umekuwa ukifanya hivyo tangu utotoni: “Nilimpa yule mama tiketi.” Hakuna Mswahili anayesema “nilipa yule mama tiketi” akimaanisha alimkabidhi, ile m lazima iwepo hata kama mama ametajwa. Basi na le iweke siku zote, na mbele ya jina la mpokeaji tia a: a la señora, a los turistas, al capitán.

Sasa tuje kwenye ugumu wa kweli. Kiswahili kina m moja kwa kazi mbili. “Nimempa” ina m, na “nimemwona” ina m. Kihispania hutenganisha: wa kwanza ni kitondo, le di, wa pili ni kipozi, yaani anayefikiwa na kitendo moja kwa moja, na kipozi kina vineno vyake, lo kwa mwanamume na la kwa mwanamke, lo vi, la vi. Hapa Kiswahili chako hakikuonyeshi tofauti, na ndipo makosa yanapomiminika.

Tumia swali moja. Baada ya kumtaja mtu, uliza: nini? Kama swali lina jibu, tumia le. Nimempa, nini? Maji. Nimemwambia, nini? Habari. Nimemwomba, nini? Kitambulisho. Nimemuuliza, nini? Jina lake. Nimemlipa, nini? Ujira wake. Zote ni le: le di, le dije, le pedí, le pregunté, le pagué. Lakini “nimemwona” haina nini. Mtu mwenyewe ndiye aliyeonwa. Vivyo hivyo nimemsubiri, nimemsalimu, nimemchukua. Hao ni lo na la: lo esperé, la saludé, lo recogí.

Wengine hufundishwa kutafuta kauli ya kutendea, ile ia na ea ya kuletea, kununulia, kupikia, na kusema popote ilipo pana le. Inasaidia, ila isikutawale. Kupa na kuuliza hazina kiambishi hicho lakini zinataka le. Kwa upande mwingine, kungojea na kusaidia zinaishia na sauti hiyo hiyo, lakini mtu anayengojewa au anayesaidiwa ni lo au la kwa wasemaji wengi. Na “nimempigia simu”, ambayo kwa sura yote inaonekana kudai le, kwa kawaida ni lo llamé, la llamé. Jifunze hizo chache kwa kichwa. Usishangae pia ukimsikia mgeni wa Hispania akisema “le vi” kwa mwanamume aliyemwona. Ni mazoea ya huko, na Chuo cha Kifalme cha Lugha ya Kihispania, kilichoanzishwa 1713, kinayakubali kwa mwanamume mmoja.

Njia bora ya kuyahifadhi haya ni daftari, na daftari hilo liandikwe kwa namna maalumu. Usiandike kitenzi kikiwa kitupu. Usiandike “decir: kuambia”, andika “decirle: kumwambia”. Usiandike “ver: kuona”, andika “verlo: kumwona”. Pedirle, kumwomba. Traerle, kumletea. Enseñarle, kumwonyesha au kumfundisha. Explicarle, kumweleza. Esperarlo, kumsubiri. Kwa njia hiyo kitenzi kinaingia kichwani kikiwa na kineno chake, na hutahitaji kukumbuka kanuni ukiwa umesimama mbele ya mgeni mwenye mizigo mkononi.

Sehemu ninayoipenda zaidi, na ninayotamani kila mwalimu wa Kihispania nchini aifundishe kwa Kiswahili, ni ile ya kupenda na kuumwa. “Me gusta el lago.” Kitabu kitakuambia maana yake ni “napenda ziwa”, halafu kitahangaika kueleza kwa nini me iko pale na kwa nini kitenzi kinalifuata ziwa. Acha kupenda. Chukua kupendeza: “Ziwa linanipendeza.” Neno kwa neno sentensi imekaa: kinachopendeza ndicho mtendaji, mimi ndiye ninayefikiwa na uzuri wake. Ndiyo maana wakiwa wengi kitenzi kinabadilika: “Me gustan los chimpancés”, sokwe wananipendeza. Mswahili hawezi kukosea upatanisho huo akiwaza kwa kupendeza; akiwaza kwa kupenda atakosea kila siku. Ukimaliza kuwahudumia, uliza “¿Les gustó la comida?” Chakula kimewapendeza?

Na maumivu: “Me duele la cabeza” ni kichwa kinaniuma. “Me duelen los pies” ni miguu inaniuma. “¿Qué le pasa?” ni nini kimekupata, kwa heshima. Mgeni akibadilika rangi boti ikiwa katikati ya mawimbi, uliza “¿Le duele el estómago?”, tumbo linakuuma? Mwongozaji anayeweza kuuliza swali hilo kwa lugha ya mgonjwa mwenyewe anaweza kuokoa safari, na pengine mtu.

Endelea na familia hiyo. “Me quedan dos boletos”, tiketi zimenibaki mbili. “Me faltan dos boletos”, tiketi mbili zimenipungua. Hakuna cha kutafsiri. Ni kubadilisha nguo tu.

Kuna jambo moja la tahadhari, na nalisema wazi kwa sababu linaweza kumharibia mtu kazi. Gustar kwa mtu si sawa na kwa ziwa. Ukimwambia mgeni “me gustas”, umemwambia kwamba unavutiwa naye kimapenzi. Kama unataka kusema kwamba ni mtu mzuri, umefurahi kuwa naye, sema “me cae bien”. Fundishaneni hilo mapema.

Kisha yapo mambo yanayomtokea mtu bila kukusudia. Kiswahili kina namna nzuri ya kuyasema: ufunguo umenipotea, kikombe kimeniponyoka, gari limeniharibikia. Kitu ndicho kinachotenda, mimi nimefikwa. Kihispania kinasema hivyo hivyo, kwa se ikifuatwa na mwenye kufikwa: “Se me perdió la llave”, ufunguo umenipotea. “Se me cayó el teléfono”, simu imenidondoka. Nahodha ambaye injini imemzimikia ziwani hana haja ya kutafuta maneno ya mbali: “Se me apagó el motor.” Imenizimikia. Hata msiba tunausema pamoja nao. Baba amemfia, wao wanasema “se le murió el padre”. Mwizi akimpitia mgeni, polisi wataelezwa “le robaron el teléfono”, wamemwibia simu. Na nilipomwosha mtoto mikono, “le lavé las manos al niño”: mtoto ameingia kwenye kitenzi, mikono imetajwa bila “yake”, kama tusemavyo sisi.

Sasa mitego, maana ipo ambayo Kiswahili ndicho kinachokutegea.

Wa kwanza ni kukiacha kitu. Mtu akikuuliza, “Umempa yule mama tiketi?”, unajibu “Ndiyo, nimempa.” Tiketi haitajwi tena, kitenzi cha Kiswahili sanifu kina nafasi ya kiambishi kimoja tu cha shamirisho, na mpokeaji ameshaikalia. Kwa Kihispania ukijibu “Sí, le di” mwenzako ataendelea kusubiri. Lazima kitu nacho kiwe na kineno chake, na hapo kanuni ni mbili: mtu hutangulia kitu, na le au les ikikutana na lo, la, los au las hugeuka se. Kwa hiyo jibu kamili la “¿Le diste el boleto?” ni “Sí, se lo di.” Kama tiketi ni mbili, “se los di”. Kama ni mimi niliyepewa, “me lo dio”. Msemaji wa Kihaya ana nafuu hapa, kwa kuwa lugha yake huruhusu viambishi vya shamirisho zaidi ya kimoja katika kitenzi kimoja. Wahaya hawako mbali: Chato yenyewe ilikuwa ndani ya Mkoa wa Kagera hadi Mkoa wa Geita ulipoanzishwa 2012. Mwombe rafiki yako Mhaya aseme “nimempa hicho” kwa kitenzi kimoja, usikilize anavyovipanga, utaona kwamba jambo hili si la kizungu.

Wa pili ni mkazo. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi ikiongezeka mkazo unahama: leta, leteni. Katika amri za Kihispania kineno huruka mwisho wa kitenzi, diga ikawa dígame, niambie. Muestre ikawa muéstreme, nionyeshe. Ulimi wetu unataka kusema “digáme”. Mkazo haujahama. Umebaki pale ulipokuwa kwenye diga, na ile alama juu ya í imewekwa kukukumbusha. Soma kwa sauti kila siku: dígame, dígamelo, tráigame, tráigamelo. Amri ikikanushwa, kineno hurudi mbele, mahali tulipokizoea: “no me diga”, usiniambie.

Kwenye kitenzi kisichonyambuliwa kwa nafsi una hiari. “Nataka kumpa” ni “quiero darle”, na pia “le quiero dar”. Chagua moja. Mimi ningeanza na darle kwa sababu inafuata daftari.

Mtego wa tatu ni mimi. Tunasema “Mimi kichwa kinaniuma”, na kijana anatafsiri “Yo me duele la cabeza”. Haiwi. Mkazo wa mpokeaji hutaka a: “A mí me duele la cabeza.” A mí, a usted, a ella, a nosotros, a ustedes. Na hata ukishasema a mí, me inabaki.

Wa mwisho unawahusu hasa wanaouza na kununua dhahabu. Kiswahili kinaeleza fedha na mali vimekwenda upande gani: nimemnunulia Juan ni kwa faida yake, nimenunua kwa Juan ni yeye aliyeuza. Kihispania husema “le compré el oro a Juan” kwa maana zote mbili, na msikilizaji huamua kwa kuangalia mazingira. Katika biashara mazingira hayatoshi. Kama unamaanisha Juan ndiye aliyeuza, geuza sentensi: “Juan me vendió el oro”, Juan aliniuzia dhahabu. Kama ulinunua kwa ajili yake, tumia para: “Compré el oro para Juan.” Kwenye karatasi yoyote yenye kiasi na saini, iwe Geita, iwe Santo Domingo, andika kwa namna hizo mbili tu na uiache ile ya kwanza kwa mazungumzo.

Kwa mazoezi, usianze na sentensi za kitabu zinazohusu treni za Barcelona. Andika zile unazozisema kazini tangu asubuhi: niwasaidie mizigo, nikuvalishe jaketi la kuokolea maisha, niwaonyeshe viboko, nimeshakupa risiti, kapteni ameniambia tusubiri upepo utulie. Zigeuze moja moja. “¿Los ayudo con las maletas?” “¿Le pongo el chaleco?” “Les enseño los hipopótamos.” “Ya le di el recibo.” “El capitán me dijo que esperáramos.” Ile ya risiti irudie kwa namna ya pili, kana kwamba mgeni amekuuliza iko wapi: “Ya se la di”, hapana, ni el recibo, kwa hiyo “ya se lo di”. Jinsia ya kitu ndiyo itakayokusumbua muda mrefu zaidi, kwa sababu ngeli zetu hazikuandai kwa hilo, na dawa yake ni kuandika kila jina pamoja na el au la yake tangu siku unapolikuta: el boleto, la llave, el chaleco, la maleta.